Jinsi ya Kunakili Picha ya Kiajemi kwa Sindano na Vumbi la Mkaa

Kila ninapoonyesha picha zangu za mtindo wa Kiajemi, maswali huwa yaleyale. "Huyu mpanda farasi mbona nimemwona kwenye picha nyingine, umeiga?" "Mimi sijui kuchora kabisa, naweza kuanza?" "Nikiweka karatasi juu ya kioo cha simu nikafuatisha mistari, si ni kazi ileile?" Nimeyajibu kwa mtu mmoja mmoja hadi nikaona afadhali niyaweke yote mahali pamoja, hatua kwa hatua, ili anayetaka kuanza Jumamosi hii aanze bila kumsubiri mtu.

Swali la kwanza ndilo lililozaa mwongozo huu, kwa hiyo nalijibu kabla ya kutaja vifaa. Ndiyo, mpanda farasi yule umemwona kwingine. Wachoraji wa zamani wa miji ya Herat, Tabriz na Shiraz nao walimwona kwingine kabla hawajamchora. Wale waliopamba vitabu vya Uajemi, hasa kuanzia karne ya 14 hadi ya 17, hawakuwa wakibuni kila ukurasa upya. Walirithi. Mpangilio wa picha nzima, au mtu mmoja, au farasi, au mti tu, ulihifadhiwa kwenye karatasi iliyotobolewa vitundu kufuata mistari yake. Vumbi la mkaa lilipitishwa kwenye vitundu hivyo, likaacha nukta kwenye ukurasa mpya, na mchoraji akaziunganisha kwa brashi.

Waliogharimia vitabu hawakuona aibu kwa marudio hayo, waliyaagiza wenyewe. Mwaka 1544 Dust Muhammad, mwandishi wa hati na mchoraji, aliandika dibaji ya albamu ya mwanamfalme Bahram Mirza. Humo anaeleza kwamba Baysunghur, mjukuu wa mtawala Timur, aliwaita mafundi kutoka Tabriz waje Herat wamtengenezee kitabu kama kile cha Sultan Ahmad wa Baghdad: ukubwa uleule, mandhari zilezile. Mtoto wa mfalme, mwenye mali na wachoraji wa kutosha, anataka hasa kile kilichokwisha kufanywa, kifanywe tena vizuri. Basi usiogope kunakili. Umeanza pale pale walipoanzia wanafunzi wao.

Na maneno ya kazi hii unayo tayari mdomoni. Karakana ni neno la Kiajemi, kama lilivyo rangi. Nakshi tunayoichonga milangoni ina asili moja na naqqash, yaani mchoraji. Hata jedwali tunalolijua shuleni, kwao lilikuwa ile mistari ya dhahabu na buluu inayozunguka picha na maandishi, na alikuwapo fundi ambaye kazi yake ilikuwa kuchora jedwali tu.

Karatasi hii ya matundu nitaiita kigezo, kwa sababu fundi cherehani akiona tunachofanya atakiita hivyo hivyo. Wao walikuwa na neno charba kwa ile karatasi au ngozi nyembamba ya kufuatishia. Katika karakana za Iran na India ilitumika hata ngozi ya swala, iliyokwanguliwa hadi ikapitisha mwanga.

VITU VYA KUWA NAVYO KABLA YA KUANZA

Usianze kutoboa halafu ukakumbuka huna mkaa. Weka hivi vyote mezani kwanza:

- Picha ya kunakili, iliyochapishwa kwa ukubwa wake halisi (tazama hatua ya 1).
- Karatasi inayopitisha mwanga, ile wanayotumia wachora ramani za nyumba. Ukiikosa, karatasi ya kuokea mikate inafaa, mradi isiwe ile yenye nta.
- Sindano nyembamba ya kushonea kwa mkono, na kizibo cha chupa au kipande cha mti laini cha kuichomeka iwe na mpini.
- Blanketi kuukuu la sufu au kipande cha zulia la kutobolea juu yake.
- Msasa laini kabisa.
- Kipande kimoja cha mkaa wa kupikia, kinu kidogo au chupa ya kusagia, na kitambaa cha kuchekechea.
- Kitambaa cha pamba kilichofuliwa mara nyingi, kiasi cha kiganja, na uzi.
- Karatasi ya kazi: nzito, laini, isiyo na mikwaruzo.
- Brashi mbili nyembamba za rangi ya maji, namba 0 na namba 00.
- Rangi ya maji ya kahawia au nyekundu, na unyoya mkavu wa kuku.
- Penseli ngumu, raba laini, rula, selotepu.

Tenga alasiri mbili. Ya kwanza ni ya kigezo, ya pili ni ya kupitisha na kuunganisha nukta. Ukijaribu kumaliza yote siku moja, mkono utachoka ukiwa kwenye uso, na uso ndiyo sehemu isiyosamehe.

HATUA

1. Chagua picha, chukua mtu mmoja tu.

Majumba ya makumbusho yameweka picha nyingi za Kiajemi kwenye intaneti kwa ubora mkubwa. Metropolitan Museum ya New York inaruhusu kupakua na kutumia bure kurasa za Shahnama (Kitabu cha Wafalme) ya Shah Tahmasp, mfalme wa Uajemi, kitabu kilichofanywa Tabriz katika miaka ya 1520 na 1530. Soma vipimo vilivyoandikwa chini ya picha, kisha uichapishe kwa vipimo hivyohivyo.

Ukubwa halisi si jambo la kupuuza. Kigezo hakikuzi wala hakipunguzi. Kinatoa mtu wa sentimita 7 kama alivyokuwa wa sentimita 7. Ndiyo sababu ukikuta watu wawili kwenye vitabu viwili tofauti, umbo moja na kipimo kimoja, una haki ya kushuku kwamba kigezo kilipita hapo. Wakifanana umbo lakini vipimo vikatofautiana sana, huenda mmoja alichorwa kwa kumtazama mwenzake au kwa kumbukumbu.

Kwa kazi ya kwanza nakushauri Khosrow. Katika kisa cha Nizami, mshairi wa karne ya 12, mwanamfalme Khosrow akiwa safarini anamkuta Shirin akioga kwenye kidimbwi, asijue kwamba huyo ndiye anayemtafuta. Wachoraji walilirudia tukio hilo kwa karne kadhaa. Limo katika Khamsa, yaani mashairi matano marefu ya Nizami, iliyofanywa mwaka 1431 kwa ajili ya Shahrukh, baba yake Baysunghur, ambayo sasa iko katika makumbusho ya Hermitage huko Saint Petersburg. Limo pia katika Khamsa ya Shah Tahmasp ya miaka ya 1539 hadi 1543, iliyoko British Library, London. Zaidi ya miaka 100 imepita kati ya vitabu hivyo, mji umebadilika, ukoo wa wafalme umebadilika, na mifupa ya picha ni ileile: Shirin majini, farasi wake karibu, Khosrow juu ya farasi wake nyuma ya miamba, kidole mdomoni.

Kidole hicho kwetu kingeweza kusomwa kuwa ni majuto. Kwao ni mshangao, mtu aliyepigwa na butwaa. Mchukue Khosrow na farasi wake, basi. Shirin na kidimbwi vitakuja baadaye.

2. Itazame picha mpaka uijue.

Kaa nayo nusu saa bila penseli. Tafuta mistari inayobeba: mgongo wa farasi, mkunjo wa goti kwenye tandiko, mshipi, ukingo wa kilemba, mkono unaopanda hadi mdomoni. Hiyo ndiyo utakayoichukua. Maua ya kwenye joho, nyuzi za tandiko na manyoya ya mkia wa farasi, yaache. Hayo huchorwa moja kwa moja baadaye kwa macho.

Kosa ninaloliona kila mara ni mtu kutaka kuchukua kila kitu. Anatoboa matundu elfu mbili, anapiga mkaa, anapata wingu la nukta asilojua linaanzia wapi. Ukiwa na shaka na mstari, uache.

3. Fuatisha kwenye karatasi ya kupitisha mwanga.

Bandika picha mezani kwa selotepu, bandika karatasi juu yake, pembe zote nne. Fuatisha kwa penseli ngumu iliyochongwa vizuri, mstari mmoja tu, bila kurudia. Ukikosea, futa na uanze tena. Usiweke mistari mitatu ukitumaini utachagua wakati wa kutoboa. Hutachagua, utachanganyikiwa.

Weka alama ya msalaba mdogo kwenye pembe mbili za kigezo. Alama hizi zitakusaidia katika hatua ya 9 na ya 11.

Kuhusu simu: unaweza kufuatisha juu ya kioo cha simu au dirisha lenye jua, sina ugomvi na hilo. Ila ukiishia hapo una nakala moja. Kigezo kinakupa nakala nyingi, na kinaweza kumpa mwanafunzi wako akiwa mji mwingine. Zamani picha yenyewe ilibaki kwenye kitabu cha tajiri, huenda mchoraji hakuiona tena maishani. Kigezo alibaki nacho. Na karatasi hizi ni nyepesi. Mwaka 1507 Herat ilipoanguka mikononi mwa Washaybani, watawala wa Uzbeki, na baadaye wachoraji walipohamia Tabriz na Bukhara, au wachoraji Mir Sayyid Ali na Abd al-Samad walipokwenda Kabul kumtumikia Humayun, mfalme wa Wamughal wa India, mwishoni mwa miaka ya 1540, michoro ilisafiri pamoja na watu.

4. Andaa mahali pa kutobolea.

Kunja blanketi mara mbili, liweke juu ya meza imara. Juu yake weka karatasi tupu, kisha kigezo chako. Ile karatasi tupu ya chini itatobolewa pamoja na kigezo, na hiyo ni faida kubwa: utapata kigezo cha pili kisicho na mistari ya penseli, chenye matundu matupu. Tumia hicho cha chini kwa kazi ya mkaa, na kile chenye mchoro kitunze kikiwa safi ili uweze kukirejea. Vigezo vya zamani vilivyosalia mara nyingi vimechafuka weusi wa mkaa, na michoro mingine mizuri sana ilitobolewa yenyewe, bila karatasi ya chini ya kuilinda.

Ukitaka kuona kwa macho yako, fungua tovuti ya maktaba ya Staatsbibliothek zu Berlin, Ujerumani, utafute albamu za Diez. Heinrich Friedrich von Diez alikuwa balozi wa Prussia huko Istanbul katika miaka ya 1780, akanunua huko michoro mingi ya karne ya 14 na ya 15, kazi nyingi za mezani ambazo hazikukusudiwa kuonyeshwa kwa mfalme. Kuza picha za michoro uangalie mistari kwa karibu. Pale mstari unapoonekana kama umeshonwa, hayo ni matundu.

5. Toboa.

Shika sindano wima kabisa. Ikilala, tundu linakuwa refu na mkaa unamwagika pembeni. Toboa juu ya mstari, si kando yake, na uende upande mmoja bila kurukaruka.

Nafasi kati ya tundu na tundu: milimita 2 kwenye mistari mirefu iliyotulia kama mgongo wa farasi, milimita moja kwenye mikunjo, na chini ya hapo kwenye uso na vidole. Pale mistari inapokutana, tundu liwe kwenye makutano yenyewe, la sivyo hutajua baadaye mkono unaingilia wapi kwenye joho.

Sasa uso. Uso wa Khosrow ni mdogo kuliko ukucha wa kidole gumba chako. Mimi hutoboa hivi: ukingo wa shavu matundu saba au manane, nyusi tatu kila moja, jicho mawili tu, la mwanzo na la mwisho, pua moja chini, mdomo moja. Mboni sitoboi kamwe. Kidole kinachogusa mdomo nakipa matundu manne, na la mwisho nalihesabu kwa makini, kwa sababu likisogea kushoto kwa nusu milimita kidole kinageuka sharubu. Nilishampa mtu picha ya Khosrow mwenye sharubu upande mmoja, na yeye ndiye aliyenionyesha. Tangu siku hiyo uso nautoboa asubuhi, kabla ya kitu kingine chochote, macho yakiwa mapya.

Kila baada ya dakika kumi, inua kigezo ukiangalie dhidi ya dirisha. Mwanga ukipita utaona picha imeandikwa kwa nyota. Mapengo utayaona hapo hapo.

6. Kwangua mgongo wa kigezo.

Sindano inasukuma karatasi nje na kuacha vivimbe upande wa chini. Visipoondolewa vitaziba matundu ukipiga mkaa. Geuza kigezo, pitisha msasa laini juujuu mara mbili tatu, kisha pangusa. Watu wengi huruka hatua hii, halafu wanalalamika mkaa haupiti.

7. Saga mkaa, funga kifuko.

Twanga kipande cha mkaa, chekecha kwa kitambaa, twanga tena kilichobaki. Unataka unga laini kama poda ya mtoto. Weka kijiko kimoja katikati ya kitambaa cha pamba, kusanya pembe, funga kwa uzi upate kifuko cha ukubwa wa limau dogo. Kipige kwenye karatasi ya majaribio mpaka kiache alama ya kijivu iliyo sawa. Kikitoa madoa meusi, kitambaa chako kina nyuzi zilizoachana sana. Ongeza cha pili juu yake.

Usisage mkaa mbele ya feni, wala karibu na karatasi yako ya kazi. Na funika pua.

8. Tayarisha karatasi ya kazi.

Karatasi zao zilipakwa maji ya wanga, zikaanikwa, kisha zikasuguliwa kwa jiwe laini mpaka zikang'aa, ili brashi iteleze bila kukwama. Wewe chemsha kijiko kimoja cha wanga wa mahindi kwenye kikombe cha maji, uache upoe, upake kwa brashi pana pande zote mbili, uanike. Ikikauka, iweke juu ya kioo au meza nyororo na uisugue kwa gamba la kauri au mgongo wa kijiko cha chuma. Sugua kwa kuzungusha, bila kukandamiza sana. Ukiishika kuelekea mwanga ukaona inang'aa kama ganda la yai, inatosha. Ikizidi hapo mkaa utateleza.

9. Pitisha mkaa.

Weka kigezo mahali pake juu ya karatasi ya kazi, bandika upande wa juu tu kwa selotepu, kama jalada la daftari. Kwa penseli hafifu weka alama za misalaba kwenye karatasi ya chini, kigezo kikihama ujue.

Pigapiga kifuko juu ya matundu. Pigapiga, usisugue, ukisugua utasogeza kigezo na kupaka vumbi chini yake. Anzia juu ushuke. Inua upande wa chini wa kigezo uchungulie. Pale pasipopata, rudisha, piga tena. Ukiridhika, kiinue chote kwa mwendo mmoja wa kwenda juu.

10. Unganisha nukta.

Hapa ndipo anayesema hajui kuchora anapotakiwa kutulia. Nukta hazijamaliza kazi. Zimekupa mahali, hazijakupa mstari.

Weka picha ya asili mbele yako. Chukua brashi namba 00 na rangi ya kahawia iliyozimuliwa kwa maji mpaka iwe kama chai dhaifu. Usiende nukta hadi nukta kama anayevuka mto kwa mawe. Angalia nukta ya mwisho ya mkunjo, weka brashi kwenye ya kwanza, vuta pumzi, pita zote kwa mara moja. Mstari uanze mwembamba, unenepe kwenye tumbo la mkunjo, uishe mwembamba. Nukta zilizo nje kidogo ya mwendo wako, ziache nje. Mkono wako uko sahihi kuliko sindano ya jana.

Ikikauka, peperusha mkaa kwa unyoya wa kuku. Usitumie raba wala kiganja.

Wanafunzi wawili wakitumia kigezo kimoja watatoa Khosrow wawili tofauti, na ukiwa umezoea utawatambua kwa goti tu. Hili ndilo linalonifanya niipende njia hii: mpangilio ni wa watu wote, mstari ni wa mtu mmoja.

11. Geuza kigezo.

Kigezo kina pande mbili. Ukikigeuza, Khosrow aliyekuwa akitazama kushoto anatazama kulia, na picha yako nzima inaweza kubadilika. Kwa kigezo kimoja una watu wawili.

Tahadhari: mpanda farasi wa Kiajemi huvaa upanga kiuno cha kushoto na podo la mishale kulia. Ukigeuza, vinabadilishana. Vihamishe kwa mkono wakati wa kuunganisha nukta. Angalia pia joho limefungwa upande gani. Na kama picha ina maandishi, usiyatoboe kabisa.

12. Jenga mandhari mpya kwa vigezo vya zamani.

Ukifika hapa umeacha kunakili mtu, sasa unapanga picha. Nakuomba usiikimbilie kabla ya kuwa na vigezo angalau sita: mpanda farasi, mtu aliyesimama, mtu aliyeketi, farasi asiye na mtu, mti, mwamba.

Anza na ukurasa. Chora jedwali lako kwa rula: fremu ya picha na visanduku vya maandishi. Kwa kawaida mwandishi wa hati alitangulia, akaandika beti na kumwachia mchoraji nafasi, kwa hiyo picha ilizaliwa ikiwa imezungukwa na maneno. Hata kama huandiki shairi, tenga kisanduku chake. Utashangaa jinsi kinavyokulazimisha kufikiri.

Kisha chora mstari wa upeo, juu sana, karibu na robo ya juu ya picha. Ardhi yote iliyo chini yake ni uwanja wako. Aliye mbali humchori mdogo. Unampandisha juu, na kama amejificha unamkata kwa mwamba. Khosrow nyuma ya miamba anaonekana nusu tu, kwa hiyo kigezo chake kipige sehemu ya juu peke yake. Ziba sehemu ya chini kwa karatasi kabla ya kupitisha mkaa.

Sasa weka vigezo vyako juu ya ukurasa bila mkaa, uvisogeze. Fuata macho ya watu: Khosrow anatazama wapi, farasi anatazama wapi? Macho yakitoka nje ya fremu, msomaji naye anatoka. Mzunguko mmoja unaoshuka kutoka kwa Khosrow hadi majini na kurudi kwa kupitia shingo ya farasi ndio ulioifanya mandhari hii idumu, na ukiuelewa huo unaweza kubadilisha kila kitu kingine.

Michoro hii haikufungwa ndani ya vitabu. Ipo taarifa ya kazi kutoka karakana ya vitabu ya Baysunghur huko Herat, ya karibu mwaka 1430, inayoorodhesha kila fundi amefikia wapi. Humo kuna mchoro wa tandiko la farasi: mmoja aliuchora, mwingine akaunakili, na wengine wanaendelea kuupamba kwa gamba la chaza. Kwa hiyo ukipata wazo la kupitisha kigezo chako kwenye foronya au kwenye kasha la mti, usidhani umeitoroka kazi.

13. Rangi, kwa kifupi.

Paka maeneo makubwa kwanza: anga, ardhi, mwamba. Kisha nguo, kisha wanyama, uso mwisho. Rangi iwe nzito, isiyopitisha mwanga, na ikauke kabla ya kuongeza nyingine. Ukimaliza, rudisha mistari yote ya nje kwa brashi nyembamba kabisa, kwa sababu rangi itakuwa imeifunika.

Usijaribu rangi zao za asili nyumbani. Nyeupe yao ilikuwa ya risasi, njano ya zarnikh ina aseniki, nyekundu ya shangarf ina zebaki. Zote ni sumu. Kijani cha shaba kinakula karatasi; kwenye kurasa nyingine za zamani kimetoboa kabisa. Rangi za dukani zinatosha.

IKIHARIBIKA

Nukta hazionekani. Ama hukukwangua mgongo wa kigezo, ama sindano ilikuwa nyembamba mno. Pitisha msasa tena. Ikishindikana, toboa upya kwa sindano kubwa kidogo kwenye matundu yaleyale, usiongeze mapya.

Nukta ni nene na zimeungana. Mkaa ni mwingi au ni wa chengachenga. Peperusha kwa unyoya, chekecha mkaa upya, jaribu tena. Karatasi haijaharibika, ndiyo uzuri wa mkaa.

Nukta zimejirudia, kila mstari mara mbili. Kigezo kilihama. Linganisha misalaba, peperusha vyote, anza upya. Usijaribu kubahatisha ni nukta zipi za kweli.

Kigezo kimechanika katikati ya mstari. Matundu yamesongamana mno. Bandika kipande chembamba cha karatasi nyuma yake kwa gundi, kikauke, utoboe tena ukiwa umeongeza nafasi.

Rangi ya kahawia inasambaa badala ya kukaa kwenye mstari. Karatasi haikupata wanga wa kutosha au haikusuguliwa. Hapo hakuna dawa. Chukua karatasi nyingine.

Mtu ametoka sawasawa lakini amekufa, hana uhai. Hilo ndilo nililoulizwa mara nyingi kuliko yote. Karibu kila mara ni kwa sababu aliunganisha nukta bila kutazama picha ya asili. Chukua kigezo kilekile, pitisha mara tano kwenye karatasi za bei rahisi, uunganishe zote tano bila kufuta. Ya nne kwa kawaida huanza kupumua.

Watu wawili kutoka picha mbili hawapatani ukubwa. Vitabu havikuwa na ukubwa mmoja. Tafuta mwingine wa kipimo kinacholingana, au mchore wa pili kwa macho. Ukimkuza kwa mashine, mistari nayo itanenepa.

KUTUNZA VIGEZO

Pangusa kila kigezo kwa kitambaa kikavu, kilaze bila kukikunja kati ya karatasi mbili, ukiweke kwenye bahasha kubwa. Juu ya bahasha andika: ni nani au nini, kilitoka kwenye picha ipi, kipimo chake, na mwaka ulipokitoboa. Ukimpa mtu nakala, mtobolee kwa kuweka karatasi tupu chini ya kile chenye mchoro wa penseli, siyo kile chenye mkaa. Chenye mkaa matundu yake yameshapanuka. Na jina lake liandike kwenye bahasha hiyohiyo, chini ya lako.